Je, Wajua? Msituni Kila Mdudu Ana Saa Yake

Anayejiandaa kwenda msitu wa mvua, uwe Ituri kule Kongo, Semuliki au Bwindi nchini Uganda, Nyungwe ya Rwanda, Kakamega ya Kenya au Amani ya Tanzania, huulizia chui, nyoka na tembo. Lakini anayeweza kumrudisha nyumbani na homa ni mdogo kuliko ukucha wa kidole. Wadudu hao hawaumi ovyo. Kila mmoja ana saa yake, mahali pake na rangi au harufu inayomvuta. Anayeijua ratiba yao ana nusu ya kinga mkononi. Safu ya leo inaifuata ratiba hiyo, tangu kufunga begi hadi siku za kurudi.

KABLA YA SAFARI

1. Kuzaliwa kwenye malaria si kinga ya maisha. Mwili hujenga uwezo wa kuihimili malaria kwa kuambukizwa mara kwa mara, na uwezo huo hupungua mtu akihama. Aliyekulia Kisangani kisha akaishi Nairobi, Brussels au Toronto miaka mingi hurudi kuwasalimia wazee akiwa karibu sawa na mgeni. Ndiyo maana Uingereza na Ufaransa, wengi wanaogunduliwa kuwa na malaria ni watu waliokwenda Afrika kuwaona ndugu zao, wala si watalii wa mbuga.

2. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria. Inayoitangulia ni Nijeria peke yake. Vimelea vinavyotawala huko ni *Plasmodium falciparum*, aina inayoua kuliko zote. Anayeingia msitu wa Kongo bila dawa za kinga anacheza na roho yake.

3. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja tu. Tangu Julai 2016, kadi ya njano inatambulika kimataifa kwa maisha yote ya mwenye nayo, hata kama ilijazwa miaka mingi iliyopita. Usiitupe ya zamani. Ila huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku moja kabla ya kupanda ndege hakukusaidii mpakani wala msituni. Mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio wa mayai na mwenye kichanga aonane kwanza na daktari.

4. Chanjo hiyo ni ya mwaka 1937 na bado haijapata mpinzani. Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliitengeneza kwa kukidhoofisha kirusi chenyewe, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipotoka Angola na kuingia Kongo, chanjo zilikuwa chache. Kinshasa ikawachanja mamilioni ya watu kwa moja ya tano ya dozi ya kawaida ili wote wapate kinga ya dharura.

5. Vidonge vya kuzuia malaria huendelea kumezwa baada ya kutoka msituni. Mbu akikuuma, vimelea hukimbilia kwenye ini, hukaa huko siku kadhaa, kisha humwagika kwenye damu. Doksisaiklini na meflokwini huviua vikishafika kwenye damu, ndiyo maana humezwa wiki 4 zaidi baada ya safari. Atovakwoni na proguanili huvipiga tangu vikiwa kwenye ini, kwa hiyo siku 7 zinatosha. Mwanzo nao hutofautiana: meflokwini huanza wiki mbili au tatu kabla ya safari, hizo nyingine siku moja au mbili. Anayeacha vidonge siku anapofika nyumbani amejenga nyumba bila paa.

6. Kwinini ilipandwa kwetu. Mti wake asili yake ni misitu ya milima ya Andes, Amerika Kusini. Wajerumani waliupanda Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902, na Kivu nako ukapandwa kwa wingi hata Bukavu ikawa na kiwanda cha kuusindika. Lakini kuchemsha magome na kunywa si kinga, kwa kuwa hakuna anayejua kikombe kimoja kina dawa kiasi gani. Chai ya artemisia nayo ni vivyo hivyo: Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, si kwa kinga wala kwa tiba.

7. Chanjo mpya za malaria si za msafiri. Ya kwanza ilipendekezwa mwaka 2021 baada ya majaribio makubwa Kenya, Ghana na Malawi, ya pili mwaka 2023. Zote mbili zimepangwa kwa watoto wadogo wanaoishi kwenye maeneo ya malaria. Mtu mzima anayekwenda kutembea bado anategemea vidonge, chandarua na dawa ya kujipaka.

8. Dawa ya kulowekea nguo iliigwa kutoka kwenye pareto. Maua yale yanayolimwa Molo, Mufindi na Musanze yana sumu inayoangusha wadudu. Wanakemia waliiga muundo wake wakapata permethrini, inayodumu kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Loweka au nyunyizia suruali, soksi, shati na hema, uvianike hadi vikauke kabisa ndipo uvitumie. Ni dawa ya nguo, usijipake mwilini. Na paka wasikaribie ikiwa mbichi, kwani huwadhuru vibaya.

9. Kitunguu saumu hakifukuzi mbu. Vidonge vya vitamini B havifukuzi, na vile vifaa vinavyodaiwa kutoa sauti ya kuwatimua vimepimwa mara nyingi bila kuonekana kupunguza kuumwa. Pesa hiyo nunulia chandarua.

ASUBUHI NA MCHANA

10. Maji yaendayo kasi ni hatari kuliko dimbwi, kwa mdudu mmoja. Usubi, nzi wadogo weusi wenye kibiongo, hutaga kwenye mito yenye maporomoko kwa sababu viluwiluwi wao wanahitaji hewa nyingi ndani ya maji. Huuma mchana. Ndio waenezao upofu wa mto, ugonjwa ambao zaidi ya asilimia 99 ya walio nao wako Afrika. Ugonjwa huo huota mizizi mtu akiumwa mara nyingi kwa muda mrefu, kwa hiyo mgeni wa wiki moja ana hatari ndogo. Mtafiti au mchimbaji anayepiga kambi ya miezi kando ya mto ana hatari kubwa, na mwenyeji wa hapo ana kubwa zaidi.

11. Viluwiluwi wa usubi fulani hupanda kaa. Magharibi mwa Kenya, wataalamu walitafuta kwenye mawe na majani ya mito viluwiluwi wa *Simulium neavei* bila kuwapata, ilhali nzi wenyewe walikuwa wakiwauma watu kila siku. Siri ilifichuka mwaka 1950: walikuwa wamejibandika kwenye magamba ya kaa wa maji baridi, wakisafiri nao chini ya maji. Dawa iliyomwagwa kwenye mito ya huko ilimfuta mdudu huyo nchini Kenya kufikia miaka ya 1950, na upofu wa mto ukakoma kuenea.

12. Mbung'o hufuata rangi. Bluu na nyeusi humvuta mno, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Msituni vaa kaki, kijani kibichi kilichofifia au kahawia. Mbung'o huuma mchana, hupenya kitambaa chepesi, na dawa za kujipaka humsumbua kidogo tu. Kinga yake ni nguo nene ya mikono mirefu na rangi iliyotulia. Ukiwa garini funga vioo, maana hufuata chochote kikubwa kinachotembea, na hujificha kwenye vichaka vya kandokando ya mito.

13. Mbung'o hatagi mayai. Hubeba mtoto mmoja tumboni, humnyonyesha maziwa yake humo humo, kisha humzaa akiwa funza kamili kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Na tofauti na mbu, dume na jike wote hunywa damu. Kwa kuwa huzaa taratibu hivyo, kuwanasa kwa mitego kunapunguza kizazi chao haraka.

14. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yaliua watu takriban 250,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria ndivyo vilivyoumia zaidi. Mwaka 1998 Afrika iliripoti karibu wagonjwa 40,000; tangu 2018 idadi inayoripotiwa kwa mwaka haijafika 1,000. Sehemu ya ushindi huo ni kazi ya Wakongo. Daktari Victor Kande aliongoza majaribio ya feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vinavyotibu malale bila sindano za mishipani. Ukiona uvimbe mwekundu wenye maumivu mahali ulipoumwa, ukafuatwa na homa, usiupuuze.

15. Moshi wa kuni humwita mdudu mmoja badala ya kumfukuza. Kwenye misitu ya Kongo, Gabon na Kamerun kuna nzi mkubwa wa jamii ya Chrysops, anayeishi juu ya miti na kuuma mchana. Watafiti waliona tangu miaka ya 1950 kwamba moto wa kuni ulipowashwa, nzi hao waliongezeka kambini. Wao ndio waenezao minyoo ya loa, ambayo mtu huweza kuiona kwenye kioo ikipita kwenye weupe wa jicho lake. Anayekaa karibu na moto wa mchana na afunike mikono na miguu.

16. Ivermektini si dawa ya kumeza ovyo kila mahali. Imeokoa macho ya mamilioni dhidi ya upofu wa mto, na walioigundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Nobel mwaka 2015. Lakini kwa mtu mwenye minyoo mingi ya loa kwenye damu inaweza kuleta madhara mazito ya ubongo. Kama umeishi kwenye msitu wa Afrika ya Kati, usiimeze bila kupimwa.

17. Mbu wa dengue haogopi jua. *Aedes aegypti*, mwenye miguu ya mistari mieupe, huuma zaidi asubuhi na alasiri, na hutaga kwenye maji machache yaliyotulia: kopo, gurudumu kuukuu, kifuniko cha ndoo. Dar es Salaam ilimfahamu vizuri kwenye milipuko ya 2014 na 2019. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Kila asubuhi pindua vyombo vyote vya kambini.

18. Asilimia kwenye chupa ya DEET, dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu, huonyesha muda, si ukali. Yenye 10 hulinda kama saa mbili, yenye 30 saa tano au sita, na ikizidi 50 faida haiongezeki tena. Kwenye joto na jasho la msituni muda huo hupungua, kwa hiyo jipake tena. Anza na mafuta ya kuzuia jua, yakauke, ndipo upake dawa ya mbu juu yake. DEET huyeyusha plastiki, hivyo iepushe na miwani, kamera na mkanda wa saa. Pikaridini ya asilimia 20 hulinda vizuri na haili plastiki. Watoto wa chini ya miezi miwili wasipakwe chochote. Walinde kwa chandarua.

19. Dawa hiyo ilizaliwa kwa sababu ya vita vya msituni. Jeshi la Marekani lilikuwa limepata taabu kwenye misitu ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. DEET ikaanza kutumiwa na wanajeshi mwaka 1946 na kuuzwa kwa raia mwaka 1957.

20. Funza wa miguuni ni mgeni Afrika. Tekenya huyu, asiyefika milimita moja, aliletwa na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872 ikatia nanga Angola. Kwa miaka isiyofika 30 akavuka bara zima, akifuata njia za misafara na wapagazi, hadi pwani ya Afrika Mashariki. Jike hujichimbia kwenye ngozi ya vidole na kuvimba kwa mayai. Vaa viatu vilivyofunika miguu, na kila jioni kagua kucha na katikati ya vidole.

21. Shati lililoanikwa kivulini linaweza kukuletea jipu lenye funza. Kuna nzi wa Afrika ya kitropiki ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu au kwenye mchanga. Viluwiluwi wakitoka hupenya ngozi ya mvaaji na kukua ndani ya uvimbe unaofanana na jipu la kawaida, ila katikati una kitundu wanachopumulia. Anika ndani ya chandarua au kwenye jua kali, na piga pasi kila kitu, pamoja na nguo za ndani, nepi, na mishono ya kiunoni.

22. Kupe si mdudu kwa hesabu ya miguu, lakini homa yake ni ya kweli. Ana miguu minane. Akikung'ata akiwa na vimelea, baada ya siku kadhaa hutokea kidonda chenye kigaga cheusi, homa na maumivu ya kichwa. Jikague kila jioni: kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, kwenye kitovu. Umkutapo mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, kwani unaweza kumfanya atapikie vimelea ndani ya jeraha.

MAGHARIBI

23. Zika ni msitu mdogo karibu na Entebbe. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walimweka tumbili namba 766 ndani ya kizimba juu ya mti ili waone mbu wa juu watamwambukiza nini. Mwezi Aprili tumbili akapata homa, na kirusi kilichotolewa kwenye damu yake kilikuwa hakijawahi kuonekana. Mwaka uliofuata kikapatikana ndani ya mbu wa msitu huohuo, *Aedes africanus*. Miaka karibu 70 baadaye kilitikisa Brazil na kuathiri ubongo wa watoto waliokuwa bado tumboni. Mjamzito afikirie upya safari ya msituni. Na kwa kuwa Zika huambukiza pia kwa kujamiiana, baada ya safari wanandoa watumie kinga: miezi mitatu ikiwa mume alisafiri, miwili ikiwa ni mke peke yake.

24. Kuna mnara wa chuma uliojengwa kwa ajili ya kuwasoma mbu. Ulisimama kwanza kwenye msitu wa Mpanga, ukahamishiwa Zika mwaka 1960, una urefu wa mita 36 hivi. Wasaidizi wa utafiti walikaa kwenye ngazi zake, nyingine karibu na ardhi, nyingine juu ya vilele vya miti, mchana kutwa na usiku kucha, wakinasa kila mbu aliyetua kwenye ngozi zao na kuandika saa. Mtaalamu wa Kiskoti Alexander Haddow, aliyekiongoza kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, alipozipanga hesabu hizo alikuta kila aina ya mbu ina kimo chake na saa yake. *Aedes africanus* hukaa juu kwenye vilele, na kilele cha kuuma kwake ni saa moja ya kwanza baada ya jua kuzama. Tunachokijua leo kuhusu saa ya kujikinga, watu wale walikinunua kwa ngozi zao wenyewe.

25. Mgomba ni kituo cha homa ya manjano. Miaka ya 1940 watafiti wa Entebbe walijiuliza kule Bwamba, mpakani mwa Uganda na Kongo: ikiwa kirusi kinazunguka kati ya tumbili na mbu wa juu ya miti, kinamfikiaje mkulima aliye chini? Wakaangalia mashamba. Funua kwapa la jani la mgomba, pale linapokumbatia shina, utakuta vijiko kadhaa vya maji ya mvua, na ndani yake viluwiluwi wa mbu wa jamii ya *Aedes simpsoni* wakijinyonganyonga. Tumbili aliyeambukizwa msituni huja shambani mchana kuiba ndizi, mbu wa mgombani humuuma, kisha humuuma mwenye shamba. Kwa hiyo ukingo wa msitu, penye migomba na tumbili wezi, si mahali pa kuvua shati.

26. Virusi vingi vilipewa majina ya misitu na maeneo ya Uganda. Zika, Bwamba, Semliki, Bunyamwera na West Nile vyote vilitambuliwa kutokana na kazi ya kituo cha Entebbe kilichoanzishwa mwaka 1936, leo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Vingi havina chanjo. Kwa vyote hivyo kinga ni ileile: usiumwe.

27. Mbu wa malaria hupenda miguu. *Anopheles gambiae* huruka chinichini, na mtu aliyekaa nje jioni huumwa zaidi kwenye vifundo na nyayo, ambako bakteria wa ngozi hutoa harufu inayomvuta. Usijipake mikono na uso tu. Vaa soksi, chomeka suruali ndani yake, na upake vifundo vizuri.

USIKU

28. Chandarua kisichokaguliwa ni pambo. Kabla giza halijaingia kishike mbele ya tochi, utafute matundu. Tundu dogo lifunge kwa uzi au kwa fundo. Ukishaingia, chomeka ncha chini ya godoro au mkeka pande zote nne, kisha tembeza mwanga kwenye pembe za juu, maana mbu uliyeingia naye hupumzika hapo akingoja utulie. Lala mbali na wavu: goti au kiwiko kikiugusa, mbu atanyonya akiwa nje. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi kukaribia alfajiri, wakati umelala fofofo. Anayelala kwenye bembea ahakikishe wavu unamzunguka hadi chini, na kitambaa cha bembea kimetiwa dawa.

29. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vinatengenezwa Arusha. Kiwanda kilianza kuvizalisha mwaka 2003, dawa ikiwa imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe. Chandarua chako usikianike kwenye jua kali wala kukifua kila wiki, dawa itaisha mapema.

30. Dawa ya mbu ya kuchoma si ya ndani ya hema. Ule mviringo wa kijani husaidia ukiwa barazani au chini ya turubai lililo wazi. Ndani ya hema lililofungwa unavuta moshi usiku kucha na unaweza kuunguza hema.

31. Papasi alimuua mtafiti aliyemfuatilia. Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd walikuja Kongo kuchunguza malale, kisha wakaichunguza pia homa ya papasi. Walithibitisha kwamba inaenezwa na papasi wa kwenye nyumba za udongo, wote wawili wakaugua, na Dutton akafia Kasongo, Maniema, Februari 1905. Papasi hujificha nyufani, hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi kujificha, kwa hiyo aliyelala hamwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula. Usilale sakafuni kwenye nyumba kuukuu ya udongo. Tumia kitanda kilicho mbali na ukuta, na chandarua.

32. Tauni bado ipo. Ituri na West Nile zimekuwa nayo kwa miaka mingi, na Lushoto iliwahi kuandamwa nayo. Viroboto wa panya ndio waenezaji. Panya wakifa ovyo karibu na kambi, viroboto huwahama kutafuta damu nyingine. Usimguse mzoga, usipige hema karibu na mashimo yao, na uwaarifu watu wa afya wa hapo.

33. Msitu mwingine, ratiba nyingine. Amazon ina malaria ya vivax, inayoweza kujificha kwenye ini na kuamka baada ya miezi, na ina visubi wanaoeneza vidonda vya leishmania, wadogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Borneo ina malaria ya *knowlesi* inayotoka kwa tumbili. Uliza kabla ya kwenda, usidhani uliyoyajua Ituri yanatosha.

BAADA YA KURUDI

34. Homa inaweza kukungoja nyumbani. Dengue na homa ya manjano hujitokeza ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Malaria ya falciparum huanza kuanzia siku ya 7 hivi, mara nyingi ndani ya mwezi, lakini aliyemeza dawa za kinga huweza kuchelewa zaidi. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya msitu ni malaria hadi vipimo viseme vinginevyo. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Kipimo kikiwa safi na homa haiishi, rudi upimwe tena.

35. Daktari wa mbali hajui ulikotoka. Ukiwa London, Muscat au Minneapolis, usiseme tu "nina homa". Sema: "Nilikuwa kwenye msitu wa Kongo, nilirudi tarehe fulani, nilimeza dawa hizi." Sentensi hiyo huokoa saa nyingi. Wanaopotea kwa malaria ya safari mara nyingi wamepotezewa siku mbili tatu na maneno "ni uchovu tu wa ndege".

36. Usikimbilie aspirini wala ibuprofeni. Kama homa ni ya dengue, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumia parasetamoli, kunywa maji mengi, na uende hospitali.

37. Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua. Ukirudi na dengue au malaria mahali ambapo mbu wanaoieneza wapo, wanaweza kuinyonya kwako na kuipeleka kwa mtoto wa jirani. Jipake dawa na ulale ndani ya wavu hadi upone, hata kama umesharudi mjini. Umejikinga msituni kwa ajili yako. Nyumbani jikinge kwa ajili ya wengine.